Vicha Viwili vya Nyasi

Siku ya tisa baada ya moto, uwanja wa Bibi Adija ulikutwa umefagiliwa.

Hakuna aliyemwona mfagiaji. Ukungu wa Nyarurambi huwa mzito mwanzoni mwa mvua. Hushuka kutoka kilimani alfajiri na kukaa mpaka jua lipate nguvu, na mtu aliye hatua kumi mbele yako huwa ni sauti tu. Ulipoinuka asubuhi hiyo, wanawake waliokuwa wakienda kisimani waliona mistari ya ufagio juu ya udongo mwekundu, imenyooka, ikizunguka kuta nne zilizoungua na rundo la majivu katikati. Juu ya mistari ile hapakuwa na unyayo hata mmoja. Aliyefagia alikuwa ametoka kinyumenyume, kama wafanyavyo wanawake wenye adabu ya nyumba, au hakuwa na miguu.

Wenye ndoo waligeuza njia. Tangu siku hiyo kitongoji kizima kikawa kinakwenda kisimani kwa kuzungukia mashamba ya mihogo, na hakuna aliyemuuliza mwenzake kwa nini.

Ndayisenga naye alizunguka. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa miaka hamsini na kitu, aliyevushwa mpaka kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake na kukulia katika vilima hivi vya Kasulu hadi vikawa vyake. Watu walimwamini. Baada ya polisi kuja na kuwachukua wanaume kumi na mmoja, na wengine kukimbilia Buhigwe na kwingine kusikojulikana, wake za waliokamatwa walikuwa wakija kwake jioni wafanye maombi. Walipomaliza walimshika mkono na kusema, "Tunamshukuru Mungu kwamba ametuachia hata mmoja."

Yeye aliitikia, "Amina." Neno hilo, ambalo zamani lilikuwa likimtoka kama pumzi, sasa lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mwishoni mwa kiangazi watoto watatu walikufa kwa homa katika mwezi mmoja. Wakaja kamchape, wale waganga wapekuzi wanaopita vijijini wakitafuta uchawi majumbani. Walikuwa na kioo, pembe na daftari. Siku ya pili ya upekuzi walisimama mbele ya nyumba ya Bibi Adija, mjane mfinyanzi ambaye hakuna jiko Nyarurambi lililokosa chungu chake, wakasema wamefika.

Hakuna mtu aliyetaka kuwasha moto. Mkuu wao alilijua hilo. Aliagiza kila kaya ilete kicha kimoja cha nyasi kavu na kukilaza ukutani, huku mleta akitaja jina, na kijana wake mwenye daftari akiandika. "Kicha kimoja hakichomi nyumba," alisema kwa upole, kama baba anayewagawia wanawe kazi. "Kazi ya wote haina mwenyewe."

Walimwelewa upesi. Hivyo ndivyo walivyolima siku zote, shamba la huyu leo, la yule kesho, majembe ishirini kwa pamoja, na hakuna jembe lililowahi kudai kuwa tuta fulani ni lake. Walileta nyasi. Ilikuwa Jumamosi, mchana kweupe. Walisema kwamba bibi ametoka, amekwenda bondeni kuchimba udongo. Watu ambao hawajawahi kuingia uani kwa mtu bila kupiga hodi walipita mlangoni pale, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyebisha hodi.

Niyonkuru, mdogo wake Ndayisenga, alikuwa amekataa tangu asubuhi. "Mimi mkono wangu haumo," alisema, akaondoka kwenda Busunzu kutazama ng'ombe aliyeambiwa anauzwa. Lakini kaya isiyoleta kicha ingehesabiwa kuwa upande wa mchawi. Ndayisenga alifikiri juu ya mke wa mdogo wake na watoto wanne, akafunga vicha viwili. Akalaza cha kwanza na kutamka, "Hiki cha Niyonkuru." Akalaza cha pili. Alipotaka kutaja jina lake mwenyewe, vumbi la nyasi lilimwingia, sauti ikakatika. Kijana wa daftari hakuinua hata kichwa. Aliweka alama ya pili mbele ya jina lilelile, akaita kaya inayofuata.

Kamchape walikwisha kuvuka mpaka. Daftari lilisahaulika nyumbani kwa aliyewapa malazi, na polisi walilikuta hapo. Ndani mlikuwa na majina thelathini na saba, yote na kicha kimoja kimoja, isipokuwa la Niyonkuru. Jina la Ndayisenga halikuwemo.

*

Kesi ilipotajwa kwa mara ya pili, alimsindikiza Maximilla, mke wa Niyonkuru, hadi mahakamani Kasulu mjini. Ukumbi ulijaa, na wengine walisikiliza wakiwa dirishani. Washtakiwa kumi na mmoja walisimama bega kwa bega. Karani akasoma kwamba kwa pamoja walichoma moto nyumba ya kuishi, na kwamba kwa pamoja walimuua Adija, mkazi wa Nyarurambi. Hakimu akawaambia wasijibu neno lolote, kwa kuwa mahakama ile haina mamlaka ya kusikiliza shtaka la mauaji. Upelelezi haujakamilika, vipande vya mifupa vilivyookotwa katika majivu vimepelekwa kupimwa, majibu bado. Dhamana hakuna. Warudi baada ya siku kumi na nne.

Yote yalichukua muda mfupi kuliko kumenya muhogo.

Nje, kabla gari la magereza halijawashwa, askari aliwaruhusu ndugu wasogee. Niyonkuru alikuwa amekonda, lakini macho yake yalikuwa yaleyale ya utani.

"Kaka," alisema, "naona umenenepa. Kumbe uhuru una mafuta."

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje? Huku ndani mimi ni mtu mkubwa. Wenzangu wananiita Bwana Vicha Viwili. Wananipisha mahali pazuri pa kulala, wanasema, huyu alikuwa na hasira kuliko sisi."

Maximilla alianza kulia. "Waambie ulikuwa Busunzu!"

"Nimewaambia. Mwenye ng'ombe sikumkuta. Nilikaa kwenye gogo nje ya boma lake mpaka jua likageuka, nikarudi. Aliyeniona ni gogo." Alimtazama kaka yake, na utani ukamtoka usoni taratibu, kama maji yanavyozama mchangani. "Kuna mtu alinitaja, kaka. Alinitaja kwa sauti. Hawa kumi wote walisikia jina, lakini kila mmoja anasema alikuwa ameinama, hakuona aliyelitaja."

"Ego," Ndayisenga alijibu, kwa lugha ya nyumbani. Ndiyo.

"Nakuuliza wewe kwa sababu wewe ni mtu wa sala," alisema Niyonkuru. "Mtu wa namna hiyo huombewaje?"

Gari likawashwa, likaondoka.

Maximilla alikwenda kununua sabuni ya mumewe. Ndayisenga akavuka barabara hadi kwenye chumba kidogo kilichokuwa ubavuni mwa duka la vitenge, ambako msaidizi wa kisheria aliyeitwa Faudhia alipokea watu bila malipo. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mwenye ushungi wa kijivu, aliyezungumza polepole kama anayemwaga maji katika chupa yenye mdomo mwembamba.

"Haya, mzee wangu. Yapo mashtaka mawili. Kuchoma nyumba kwa kukusudia, adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Kuua kwa kukusudia, ni kunyongwa hadi kufa."

"Lakini kila mtu aliweka kicha kimoja," alisema Ndayisenga. "Na moto aliuwasha mganga. Watu ni wengi, mama. Haiwezi kugawanywa?"

"Igawanywe nini?"

"Hatia."

Faudhia hakucheka. "Nyama ya ng'ombe hugawanywa. Hatia haina mizani hiyo. Watu wakikubaliana kutenda ovu, sheria humshika kila mmoja kana kwamba alilitenda peke yake, tangu kicha cha kwanza hadi cha mwisho, na moto juu yake. Ninyi mlifikiri mnaipunguza. Mmeizidisha. Wakiwa watu thelathini na nane, basi mbele ya sheria ni kama nyumba thelathini na nane zimeungua."

Ndayisenga hakuwa amemtajia idadi. Daftari lilikuwa na majina thelathini na saba. Alitaka kuuliza thelathini na nane imetoka wapi, akaogopa jibu. Pengine mama yule alihesabu vicha, si majina. Lakini picha ilikwisha kumwingia. Aliona kilima cha Nyarurambi kimejaa nyumba thelathini na nane zinazofanana, kila moja ina mlango uliofungwa, na nyuma ya kila mlango ameketi Bibi Adija akisubiri mtu apige hodi. Moja ilikuwa yake peke yake. Hapana. Mbili.

"Na mtu ambaye hakuwepo?" aliuliza.

"Asiyekuwepo hana hatia, mradi mahakama ijue hakuwepo. Yupo anayejua?"

Ndayisenga alitazama vidole vyake.

"Akiwepo," Faudhia aliendelea, akishusha sauti, "asikurupuke. Akienda kutoa maelezo polisi ana haki ya kuwa na wakili, au ndugu, au rafiki yake pale. Asomewe alichoandikiwa kabla hajatia saini. Na ajue kwamba kinachomtoa mwenzake ndicho kitakachomwingiza yeye. Sitaki mtu aseme Faudhia hakumwambia."

"Na ikiwa yule bibi hakufa?"

"Basi hakuna mauaji. Inabaki nyumba." Akamtazama sana. "Unalo unalolijua, mzee?"

"Hapana," alisema Ndayisenga. Wakati huo ilikuwa kweli.

*

Aliomba siku tatu. Hakuomba kwa sauti, kwa kuwa sauti ilikuwa imezoea kudanganya. Alipiga magoti nyuma ya zizi la mbuzi, akaanza Baba Yetu, na kila alipofika mahali pa kusamehewa makosa, hesabu ikaingilia: vicha viwili, vicha viwili. Mungu hakumjibu kwa neno. Alimwondolea ladha ya chakula, akamwondolea uzito wa mwili, hata Ndayisenga akawa anatembea kijijini kwake kama mtu aliyeazimwa.

Asubuhi ya siku ya nne hakuzungukia mihogo. Alikamata njia ya zamani, katika ukungu, na miguu ikampeleka.

Alisikia kabla hajaona: kiganja kikipiga udongo mbichi, pa, pa, kwa utaratibu wa mtu asiye na haraka. Kisha akamwona. Alikuwa ameketi kizingitini, mahali ulipokuwa mlango, amejifunga kanga ya kahawia, chungu kimoja kisichokauka kikiwa katikati ya magoti yake.

"Mwakeye, Bibi," alisema Ndayisenga. Ni salamu iliyojitamka yenyewe.

"Mwakeye. Leo umepita huku."

Akachuchumaa palepale. "Bibi Adija. Watu wanasema umekufa."

"Watu wanasema mengi. Walisema pia nimekwenda bondeni."

"Hukwenda?"

"Nilikuwa ndani, nikihesabu." Kiganja hakikusimama. "Masikio ya mzee husikia nyasi zikilazwa. Kila mmoja ana namna yake. Wengine walizitupa. Mwingine alizipanga kama anayeezeka. Wewe ulikuja mara mbili. Cha kwanza ulikilaza kwa haraka. Cha pili ulikishika kwanza, ukakaa nacho. Nikasema, huyu sasa atapiga hodi."

Ndayisenga alifunika uso. Alisikia harufu ya udongo wa mtoni, na pumzi ya mwanamke yule ikipanda na kushuka, na moyoni mwake, kupitia aibu yake yote, kikapenya kitu kama furaha. Yu hai. Hakuna mauaji. Inabaki nyumba.

"Ulitokaje, Bibi?"

"Nani amesema nilitoka?"

Aliona ni maneno ya uchungu, na uchungu ulikuwa haki yake. "Twende Kasulu," alimsihi. "Twende wakuone. Watu kumi na mmoja watanyongwa kwa ajili yako. Mdogo wangu hakuwepo, unajua hakuwepo!"

"Najua. Jina lake lilikuja bila miguu." Akainua chungu, akakizungusha kutazama mdomo wake. "Tangulia wewe. Mwenye kesi ndiye hutangulia."

"Utakuja?"

"Nimekuzuia lini kupita mlangoni kwangu?"

Ukungu ulipita kati yao, mzito kama blanketi lililotandazwa. Ulipopungua, kizingiti kilikuwa kitupu, na kutoka bondeni ikasikika kengele ya mbuzi. Ndayisenga hakukaa kutazama kama pana nyayo chini. Aliondoka kwa mwendo wa mtu aliyepewa ujumbe, akapitia kwa shemeji yake.

"Vaa, twende mjini," alimwambia. "Nahitaji ndugu."

*

Kituoni walipokelewa na mpelelezi aliyeitwa Isihaka, kijana mrefu mwenye mafua, aliyekuwa akipangusa pua kwa leso kila baada ya sentensi.

"Mzee, una shida gani?"

"Nimekuja kueleza habari ya Nyarurambi. Vicha viwili ni vyangu."

Isihaka aliacha kupangusa. "Hapa watu huja kuwataja wenzao, mzee. Hatujazoea mtu kujitaja." Hata hivyo alivuta kiti, akamweleza haki zake polepole, kwamba halazimishwi kusema, na kwamba atakayoyasema yataandikwa na yanaweza kuwa ushahidi dhidi yake. "Unataka nani awepo?"

"Huyu. Ni mke wa mdogo wangu."

Maximilla alikuwa amekuja akidhani wanaleta habari za gogo la Busunzu. Aliketi. Ndayisenga alieleza yote bila kumtazama: kukataa kwa Niyonkuru, vicha viwili, jina alilolitamka na jina lililomkwama. Alisikia mchakacho wa kitenge cha shemeji yake, kisha haukusikika tena.

"Na wale ndugu waliokuja kwako kuombewa," Maximilla aliuliza hatimaye, kwa sauti ndogo, "mimi nikiwa mmoja wao. Ulikuwa unaomba nini, shemeji?"

"Nilikuwa nafumba macho," alisema Ndayisenga.

Isihaka aliandika kurasa nne. Alipofika mwisho akauliza kama lipo la kuongeza.

"Lipo. Bibi Adija yu hai. Nimezungumza naye leo asubuhi, nyumbani kwake. Anafinyanga. Atakuja."

Kalamu ilibaki hewani. Isihaka aliinuka, akafunga mlango, akarudi na jalada la rangi ya kaki. Hakulifungua. Aliweka tu kiganja juu yake.

"Mzee. Majibu ya vipimo yamefika juzi. Ni mwanamke, mtu mzima sana. Alikuwa nyuma ya mlango."

Vidole vya Ndayisenga vilianza kusugua meza, kama vinavyotafuta kitu kilichokuwa hapo sasa hivi.

"Mimi nilimsalimu," alisema. "Akaitikia."

"Sijakataa." Mpelelezi alikohoa katika leso. Alionekana ghafla mdogo sana kwa kazi ile. "Sikiliza. Ulikuja ukidhani ni kesi ya nyumba. Sasa umejua si ya nyumba. Karatasi hizi nimeziandika mimi, wewe bado hujatia saini. Sheria inataka nikusomee, na ukisema si maneno yako, nitaandika kwamba umesema si maneno yako. Unanielewa? Jina lako halimo popote."

Maximilla hakumwangalia mmoja wala mwingine. Alitazama ukutani, mahali palipokuwa na tangazo lililochanika, na midomo yake ikitikisika kidogo, ama kwa sala ama kwa hesabu.

"Nisomee," alisema Ndayisenga.

Isihaka alisoma. Ilikuwa ajabu kusikia maisha yako katika sauti ya mtu mwenye mafua. Hapakuwa na neno la uongo. Hapakuwa pia na vumbi la nyasi, wala mchana ule mweupe, wala mlango. Lakini kila kilichoandikwa kilikuwa kimetendeka, na mtendaji alikuwa mmoja. Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile, Ndayisenga alijisikia ana uzito juu ya kiti.

"Ni maneno yako?"

"Ni yangu."

Akachukua kalamu. Aliandika jina lake lote, herufi moja baada ya nyingine, kama alivyofundishwa na wamisionari, na safari hii hakuna kitu kilichomwingia kooni.

Wakamwambia avue mkanda na viatu. Alivipanga chini ya meza, akamfuata askari kwenye korido, saruji ikiwa baridi chini ya nyayo zake. Mbele palikuwa na mlango wa chuma. Nyuma yake alimsikia Maximilla akimuuliza mpelelezi, kwa sauti ya mtu anayeulizia mambo ya kawaida, mumewe atatolewa baada ya siku ngapi. Na, huyu mwingine, chakula chake kinapokelewa saa ngapi, na kama ugali wa muhogo unaruhusiwa.

Askari alikuwa akitafuta ufunguo. Ndayisenga, akisubiri, aliinua mkono na kugonga mlango mara mbili, taratibu.

"Hodi," alisema.

Ndani kukawa kimya. Kisha mtu akaitikia.